Bukuru, Butoyi na Anayefuata

Siku yangu ya kwanza kazini nilipewa mkasi. Nilicheka, na Mkurugenzi hakupenda. Hakujua kwamba wiki iliyotangulia nilikuwa bado nasuka nywele katika saluni ya Mkongomani mwenzangu katikati ya jiji la Durban, na kwamba mkasi ndicho kitu nilichodhani nimeagana nacho. "Hapa tunakata magazeti," alisema, akanionyesha rundo lililonifika kiunoni. Kila habari iliyomhusu mtoto, mama, makazi au posho ya serikali ilitakiwa kukatwa, kubandikwa kwenye karatasi ngumu, na pembeni kuandikwa cheo cha mheshimiwa aliyetajwa na maneno aliyoyatoa. "Kabla hujaiambia serikali ifanye nini," aliniambia, "ujue jana ilisema itafanya nini." Hilo lilikuwa somo langu la kwanza. Nyinyi vijana mnaoianza kazi hii leo, mkipata yote hayo kwa kubonyeza kidole, nawaonea wivu kidogo, lakini vidole vyangu vilikumbuka kila walichokiahidi.

Kazi yenyewe iliitwa utetezi wa sera. Wakili humtetea mtu mmoja mbele ya hakimu, na ofisa wa ustawi wa jamii humhudumia mtu mmoja aliyebisha hodi. Sisi tulikwenda kwa wale wanaoandika kanuni, kule jimboni, tukawaambia kanuni yenu inaumiza watoto, ibadilisheni. Wanawake wa saluni waliponiuliza mshahara wangu ni wa nini hasa, niliwajibu kwamba ninalipwa kugombana. Walisema kazi hiyo niliianza zamani, ila sasa ndiyo nimepata mwajiri.

Mimi ni mtu wa Uvira. Nilifundisha shule ya msingi huko mpaka vita viliponiondoa katikati ya miaka ya tisini, nikashuka nchi baada ya nchi hadi Durban, mahali ambapo cheti changu cha ualimu hakikuwa na maana kwa mtu yeyote. Shirika liliniajiri kwa sababu Wakongomani na Warundi walikuwa wanaongezeka mjini na hakuna mle ofisini aliyejua Kiswahili, Kifaransa wala Kirundi. Ofisi ilikuwa nyumba kuukuu huko Morningside, juu ya kilima, yenye varanda na mti wa maua uliochafua ngazi kila siku. Mkurugenzi alikuwa Mhindi mzaliwa wa Durban, mwanasheria aliyefungwa enzi za ubaguzi. Alikuwa mtu mwema, na tuligombana karibu kila juma.

Alinifundisha tamko. Tamko ni maoni ya maandishi ambayo shirika hupeleka kwenye kamati ya bunge la jimbo kabla kanuni haijapitishwa. "Hadithi moja, ombi moja, ukurasa mmoja," ndivyo alivyosema. Ukipeleka hadithi kumi, wabunge watakuhurumia na kusahau. Ukipeleka maombi kumi, watachagua lile jepesi. Na ukurasa wa pili husomwa na mwandishi wake peke yake. Katika mambo yote aliyonifundisha, hilo ndilo sijawahi kulipinga.

Baada ya mkasi nikapewa cheo cha ofisa wa nyanjani. Uwanja wangu ulikuwa katikati ya mji na Greyville, zile fleti za kando ya uwanja wa mbio za farasi, ambako chumba kimoja kiligawanywa kwa pazia na familia mbili zikaishi kwa adabu. Kazi ilikuwa kusikiliza. Unaingia, unakunywa chai, unauliza habari za watoto, na mambo yanayokuja yenyewe bila kuulizwa ndiyo unayoandika. Huko ndiko nilikofahamiana na Goreti Nahimana, Mrundi, fundi wa cherehani, aliyeshona sare za shule dirishani kwake. Majirani walimwita Mama Bukuru. Yeye na mumewe walipoteana njiani wakati wa kukimbia, na hakujua kama mume yu hai. Alikuwa na watoto watatu: mapacha wa kiume, Bukuru na Butoyi, na binti wa miaka sita aliyeitwa Ciza.

Hapa inabidi nieleze jambo ambalo nililieleza kwa makarani wa jimbo lile mpaka koo likakauka. Warundi wengi, na sisi wengine wa kando ya ziwa, hatumpi mtoto jina la baba kama mkia. Kila mtoto huzaliwa na kupewa jina lake mwenyewe, kufuatana na siku, shida, shukrani au mpangilio wa kuzaliwa. Ndugu watano wa tumbo moja wanaweza kuwa na majina matano yasiyofanana hata herufi. Kwetu hilo halimshangazi mtu. Lakini Durban kulikuwa na kisanduku katika kila fomu kilichoandikwa jina la ukoo, na karani akikuta mama ni Nahimana na mtoto ni kitu kingine, huinua macho.

Wajanja walishajifunza. Waliwapachika watoto wote jina moja la uongo, na hakuna aliyewasumbua. Goreti hakuwa mjanja wa namna hiyo. Alilelewa na masista wa misheni, na kwake jina la ubatizo na jina la kuzaliwa si vitu vya kuchezea. Ciza aliposhikwa na pumu akampeleka hospitali, aliulizwa majina akayataja yote kama yalivyo. Nimeifikiria siku hiyo mara nyingi, na hasira yangu haijapungua. Waliosema uongo walirudi nyumbani na watoto wao, na aliyesema kweli akaambiwa asubiri kwenye benchi.

Akaja ofisa wa ustawi wa jamii. Akahesabu: mama jina moja, mtoto jina lingine, nyumbani wavulana wawili wenye majina mengine mawili, baba hayupo, cheti cha kuzaliwa hakipo. Wakati ule kulikuwa na maneno mengi mjini kuhusu wageni wanaosafirisha watoto wa watu. Ciza alipopona kifua hakurudishwa kwa mama yake. Alipelekwa nyumba ya hifadhi, yaani makao ya watoto ambao serikali inaamini hawana mtu salama wa kuwalea, nje ya jiji. Na ofisa akaahidi kurudi kwa ajili ya wale mapacha.

Goreti alinijia ofisini Morningside akiwa na tepu yake ya kupimia bado shingoni. "Mama Odeta, banamuchukua mutoto yangu juu ya jina," alisema. "Mimi sikudanganya hata kidogo. Sasa ile ukweli yangu imefanya kosa gani?"

Nikampa maji, nikachukua mkoba wangu, tukashuka naye mjini kwa taxi, zile basi ndogo za huko. Ofisa wa ustawi alikuwa binti mdogo, amechoka, mezani kwake mafaili yamemzunguka kila upande. Sikumchukia yeye. Nilimweleza habari ya majina, akanisikiliza mpaka mwisho. "Mama, nakuelewa," alisema, "lakini miongozo yetu inasema kama jina la ukoo halilingani na hakuna cheti, nimwondoe mtoto kwanza, niulize baadaye. Nisipofanya hivyo na kitu kikatokea, mimi ndiye nitakayesimama mahakamani." Nikamuuliza miongozo hiyo iliandikwa na nani. Akanyoosha kidole juu, kuelekea ghorofa za wakubwa. Basi nikajua pa kupeleka ugomvi.

Bahati ilikuwa upande wetu kidogo. Kamati ya ustawi ya bunge la jimbo ilikuwa inaandaa miongozo mipya ya watoto wanaohitaji hifadhi, na ilitangaza kikao cha hadhara hapa Durban. Kikao cha hadhara ni siku ambayo wabunge hukaa ukumbini kuwasikiliza wananchi, na mwenye shirika na asiye na shirika wote huruhusiwa. Niliandika tamko. Hadithi moja: Goreti na Ciza. Ombi moja: tofauti ya majina peke yake isiwe sababu ya kumtenga mtoto na mlezi wake. Ukurasa mmoja, na nilibakiza nafasi chini.

Siku chache kabla ya kikao, Naibu Mkuu wa Idara ya ustawi alimpigia simu Mkurugenzi. Nilimjua huyo Naibu kutoka kwenye magazeti yangu. Alikuwa mtu wa tai safi na ahadi fupi. Mkurugenzi aliniita, akafunga mlango.

"Watamrudisha mtoto Ijumaa," alisema. "Kimyakimya, bila kwenda mahakamani. Wanachotaka ni sisi tuondoe tamko."

"Na mapacha?"

"Hawatawagusa."

"Na watoto wa jirani yake? Na wa jirani wa jirani?"

"Odeta, kuna mtoto wa miaka sita analala mahali asipopajua."

"Kwa hiyo wanamtumia kama rehani, na wewe unaniambia niseme asante?"

Alisogeza kikombe chake cha chai pembeni. Mtu aliyekwishafungwa jela anajua bei ya mambo kuliko mimi, na nilijua hilo, lakini bado nilitamani kumrushia kile kikombe chake cha chai. Mwishowe alisema kwamba uamuzi si wake wala wangu. Ni wa mama mwenye mtoto.

Tulikwenda kwa Goreti pamoja. Mkurugenzi alieleza kwa Kiingereza, mimi nikatafsiri bila kuongeza chumvi, ingawa ulimi uliniwasha. Goreti alisikiliza huku mkono wake uko juu ya gurudumu la cherehani.

"Mutoto kwanza," alisema. "Anirudishie Ciza yangu. Hiyo karatasi yenu muitoe."

Sikumlaumu, na yeyote anayetaka kumlaumu aanze kwa kumkopesha mtoto wake. Tamko tukaliondoa siku hiyohiyo. Ijumaa Ciza akaletwa na gari la serikali, amevaa viatu visivyo vyake, akapita katikati yetu sote bila kusalimia akaenda moja kwa moja chini ya meza ya cherehani, mahali alipozoea kuchezea vipande vya vitambaa. Goreti akainama akaingia naye humohumo. Sisi wengine tulisimama tukitazama miguu yao.

Nilipoaga, Goreti alinifuata mpaka kwenye ngazi. "Mama Odeta, ile kikao iko siku gani?"

"Jumanne. Lakini sisi tumeahidi hatutasema."

"Nyinyi mumeahidi," alisema. "Mimi nani aliniuliza?"

Nikamtazama vizuri. Nikamkumbusha kwamba waliomchukua Ciza mara ya kwanza wanaijua njia. Akasema analijua hilo, ndiyo maana usingizi hauji. "Leo bananirudishia kwa kunihurumia," alisema. "Kesho mutu mwingine anakaa kwa ile kiti, hana huruma, ananichukulia tena. Mimi sitaki huruma yao, nataka ikuwe sheria." Nimefanya kazi hii miaka mingi na wasomi wa kila aina. Sijasikia sababu ya utetezi wa sera ikielezwa vizuri zaidi ya vile, pale kwenye ngazi.

Jumatatu Mkurugenzi alinusa kitu. Aliniita akasema, "Kesho nenda kikaoni, kaa, andika. Kwa niaba ya shirika hili usiseme neno hata moja. Tumetoa ahadi." Nikamwambia nimeelewa. Na nilielewa kabisa.

Ukumbi ulikuwa katikati ya mji, juu ya barabara yenye kelele za makondakta wa taxi. Meza ndefu mbele, wabunge nyuma yake, na katikati yao Mheshimiwa Mwenyekiti, mama mtu mzima wa Kizulu aliyekuwa muuguzi kabla ya siasa. Naibu alikaa pembeni na wasaidizi wake. Mashirika yakasoma matamko yao. Kisha Mwenyekiti akauliza kama kuna mwananchi mwenye jambo. Goreti akasimama. Alikuwa amevaa kitenge chake cha kanisani, na watoto watatu wamesimama mbele yake kwa urefu wao.

Alianza kwa Kiswahili. Mwenyekiti akauliza kama yuko mkalimani. Majirani zake Wakongomani na Warundi waliojaa ukumbini wakageuka kunitazama. Nikainuka, nikaenda kusimama karibu naye. Sheria ya mkalimani ni kwamba maneno si yake. Yeye ni bomba tu, maji ni ya mwingine. Nilizishika kanuni zangu zote mbili, ya kutolisemea shirika na ya kutafsiri, kwa wakati mmoja, na sijawahi kuzishika kwa furaha kiasi kile.

Goreti akaeleza hospitali, benchi, nyumba ya hifadhi. Naibu akainua mkono. "Mheshimiwa, suala hili liliondolewa."

"Tamko la shirika liliondolewa," Mwenyekiti alijibu. "Huyu ni mwananchi, amesimama mlangoni kwangu kwa miguu yake. Mama, endelea. Lakini nisaidie na mimi. Majina manne, watu wanne. Nitajuaje kwamba hawa ni wako?"

Goreti akaweka mikono juu ya mabega ya wavulana. "Hawa ni mapacha. Mukubwa ni Bukuru, mudogo ni Butoyi. Kwetu mapacha yote banaitwa hivyo, hakuna mzazi anachagua. Na mutoto mwenye kufuata mapacha, naye jina yake ilishapangwa tangu zamani za mababu. Huyu binti ndiye alifuata. Mimi sitaitaja jina yake. Muulize mutu wa kwetu yeyote."

Kabla sijamaliza kutafsiri, sauti kumi zikajibu nyuma yangu: Ciza. Mama mmoja wa Kitanzania akadakia kwamba kwao Usukumani ni Kulwa na Doto, na anayefuata ni Shija, mtu asilete ubishi. Watu wakaanza kucheka.

Naibu hakucheka. Alisema kwamba majirani wamefundishana, ukumbi mzima umepangwa. Sikumlaumu kwa hilo, kwa maana ningekuwa upande wake ningesema vivyo hivyo.

"Haya," Mwenyekiti alisema. "Idara yako ina mtu wa Burundi ambaye hayumo humu?"

Walikuwa naye. Kulikuwa na padri mmoja Mrundi, nje ya mji, ambaye idara yenyewe ilikuwa ikimwita kutafsiri. Naibu alikuwa na simu ya mkononi, kubwa, ya fahari, na Mwenyekiti akamwambia apige hapohapo, mbele ya watu. Akapiga. Akauliza kwa sauti ya mtu anayejua jibu halitakuja: mwanamke amezaa mapacha, Bukuru na Butoyi, kisha akazaa mwingine, ataitwaje? Tukawasikia wauza ndizi kule chini barabarani. Naibu akasikiliza. Akashukuru, akaifunga simu, akaiweka mfukoni polepole.

"Amesemaje?" Mwenyekiti akauliza.

"Amesema Ciza."

"Hawu," alishangaa Mwenyekiti kwa Kizulu, akavua miwani. "Basi mlisoma majina matatu mkaona familia tatu, kumbe majina yenyewe yanapiga kelele kwamba ni tumbo moja." Akawageukia wenzake, akasema wataandika katika miongozo kwamba majina ya mapacha na wafuatao yatambuliwe. Wasaidizi wakaanza kuandika. Watu wakapiga makofi. Mimi mwenyewe nilidhani tumeshinda.

Goreti hakukaa.

"Mheshimiwa, na jirani yangu ambaye hakuzaa mapacha, yeye atapiga simu kwa padri gani?" Nikatafsiri. Makofi yakakatika. "Batoto yake banaitwa kila mumoja kivyake, hakuna mpango, ni vile tu bazazi balisikia moyoni. Naye ni mama. Mimi mutoto yangu alirudi Ijumaa. Walisema bananirudishia, na ile karatasi itolewe. Sikuja hapa kujitafutia mimi."

Nilitafsiri kila neno, na lile la Ijumaa nililitamka taratibu ili mwandishi wa kikao asipitwe. Mwenyekiti alimgeukia Naibu. Hakupandisha sauti, wauguzi wa zamani hawana haja hiyo.

"Kama mtoto si wake, kwa nini mlimrudisha Ijumaa? Na kama ni wake, kwa nini mlimchukua?"

Naibu akasema hilo ni suala la kiutawala. Mwenyekiti akasema atalingoja jibu lake kwa maandishi. Kisha akamwomba Goreti arudie ombi lake polepole. Goreti akalirudia, na ajabu ni kwamba lilikuwa ombi lilelile la tamko letu, sentensi moja, ila kwa Kiswahili cha Bujumbura. Nililitafsiri kwa maneno niliyokwisha kuyaandika mwezi mzima kabla, maana niliyajua kwa moyo. Hakuna aliyenikataza kulijua.

Kesho yake Mkurugenzi aliniita.

"Nilikuambia usiseme neno."

"Sikusema. Nilitafsiri."

"Naibu amenipigia simu. Anasema tumemdanganya."

"Mwambie tuliondoa karatasi. Mama wa watu hakuwamo kwenye ahadi."

Akaniandikia onyo la kazini, la rasmi, lenye nembo ya shirika. Neno la shirika, alisema, ni mali ya kila mtoto atakayekuja baadaye, na mimi nimelikwangua. Nilimjibu kwamba mtoto anayekuja baadaye atapenda zaidi kulala kwao. Nikatia sahihi kwamba nimelipokea, si kwamba nimekubali. Tofauti hiyo yeye ndiye aliyenifundisha. Nilipofika mlangoni aliniita tena. "Ile sentensi," alisema bila kuinua kichwa, "uliitafsiri vizuri sana." Onyo hilo limo katika fremu sebuleni kwangu, kando ya cheti cha ualimu. Wageni hudhani ni tuzo, na mimi siwasahihishi.

Msidhani mambo yalinyooka. Goreti alikaa miezi akishtuka kila gari linaposimama chini ya dirisha, na mimi nilipita kwake kila nilipoweza ili wanaopeleleza waone kwamba ana watu. Naibu alivuta miguu, akaomba ufafanuzi, kisha ufafanuzi wa ufafanuzi. Nilihamishiwa kazi ya ofisa wa bunge, yaani yule anayekaa Pietermaritzburg, makao ya bunge la jimbo, kwenye viti vya nyuma vya kamati na kuwakumbusha waheshimiwa walichokisema. Nilikwenda na magazeti yangu. Kila Naibu aliposema jambo hili ni jipya, nilimpelekea Mwenyekiti kipande kilichokatwa kwa mkasi. Mwisho waraka ukatoka. Waraka ni amri ya idara kwa maofisa wake wote, na huo ulikuwa na sentensi yetu bila kupunguzwa: tofauti ya majina peke yake si sababu ya kumtenga mtoto na mlezi wake. Goreti aliposomewa alisema sharp, yaani sawasawa kwa lugha ya mitaani kule, akaendelea kushona, kisha akaacha kushona akalia. Mimi nililia naye.

Baadaye nilifanya kazi nyingine nyingi. Nikawa mratibu, nikawafundisha vijana wenye digrii, nikawapa mkasi siku ya kwanza nao wakanichukia. Nilishindwa mara nyingi kuliko nilivyoshinda. Nimeona kanuni nzuri zikifia drooni kwa kukosa mtu wa kuzibeba. Hilo ndilo ningependa mlishike: waraka haujui kutembea. Mkishaupata, msishangilie mkaenda nyumbani, bali muupeleke kila kaunta, muusome kwa sauti, mrudi tena karani akibadilishwa. Na msiwaachie wakubwa wawafundishe kwamba adabu ni kunyamaza. Nilikuwa na adabu zangu zote siku ile ukumbini.

Nimestaafu sasa. Magoti hayapendi kile kilima cha Morningside, na varanda ile imekuwa mali ya watu wengine. Goreti ametangulia mbele ya haki, amezikwa hapahapa Durban, na mapacha wake ndio waliobeba jeneza. Lakini mwaka huu Ciza alinipigia simu. Ameolewa, ana binti wa miaka mitatu, na amempa jina lake mwenyewe, Keza, bila mkia wa mtu. Mume alipendekeza wampe jina la ukoo ili kuepuka usumbufu. Ciza alikataa. "Mama alisimama mbele ya wabunge kwa jina yangu," aliniambia, "mimi nitaogopa kaunta?" Basi kaunta ikamsumbua, kama zinavyosumbua, na akanitafuta.

Nilivaa viatu vya kazi. Karani alikuwa kijana mpole, hakuwa amezaliwa siku ya kikao chetu. Alimtazama Ciza, akamtazama Keza, akauliza kwa nini majina hayalingani. Nikafungua mkoba, nikatoa waraka, nikauweka mbele yake. Aliusoma, akaugeuza nyuma kutafuta kitu, akaurudisha upande wetu.

"Mama, huu waraka ni wa zamani sana," alisema.

"Hata mimi ni wa zamani, mwanangu," nikamwambia, "na sijafutwa."

Nikavuta kiti nikakaa. Ciza naye akavuta chake, akampakata mtoto. Kijana akatutazama, akatazama foleni nyuma yetu, akaona kwamba hatuna haraka. Akachukua kalamu, akauliza jina la mtoto. Ciza akalitaja, naye akaliandika kama lilivyo.